Herufi Tatu kwenye Faili la Mdogo Wangu

Katika miaka ile nilikuwa karani wa mafaili katika hospitali ya misheni, na kazi yangu kubwa ilikuwa kunakili. Daktari aliandika mbiombio, herufi zake zimelaliana kama nyasi zilizopitiwa na ng'ombe, nami nilizisimamisha moja moja. Nilikuwa nimesoma seminari ndogo miaka minne kabla mapadre hawajaona kwamba wito wangu si wa altareni. Waliponirudisha nyumbani walinipa barua yenye sentensi moja tu ya sifa, kwamba nina mwandiko mzuri. Kwa mwandiko huo nikapata kazi, namshukuru Mungu. Kwa mwandiko huohuo nusura nimharibie mdogo wangu maisha.

Chumba changu kilikuwa mwisho wa veranda, na dirisha lake lilitazama migomba. Kila mgonjwa alikuwa na faili la karatasi ngumu ya kaki. Juu ya jalada niliandika jina lake, kijiji chake, na namba ya ugonjwa wake, ambayo niliitafuta katika kitabu kinene kilichotoka ng'ambo. Malaria ilikuwa na namba yake, kuvunjika paja namba yake, hata kuumwa na nyoka. Faili lenyewe lilining'inizwa mguuni pa kitanda, mahali ambapo kila aliyeleta chakula aliliona.

Ugonjwa mmoja haukuwa na namba kwenye kitabu chetu. Tulikuwa tumetoka vitani juzijuzi, bado tunahesabu tuliorudi na tuliobaki njiani, ukaja huu ambao mwanzoni haukuwa hata na jina. Watu walikonda, wakaharisha, wakakohoa, wakazikwa. Wengine waliuita kwa jina la shati la kitambaa laini lililokuwa likiletwa kutoka mpakani, kwa sababu waliolivaa ndio waliotangulia kukonda. Tulizika asubuhi, tukazika tena alasiri, na ngoma ya msiba ikisikika kilima cha pili tuliulizana kwa macho, ni kwa nani tena.

Daktari na Sista aliyesimamia wodi walikubaliana kwamba ugonjwa huo usiandikwe mahali pa kuonekana. Walikuwa wameona mwanamke akifukuzwa nyumbani kwa mumewe na sufuria zake zikitupwa migombani. Badala yake ikawekwa alama ndogo kwenye faili. Tulioijua tulikuwa watatu, wao wawili na mimi. Waliniapisha kikanisani, mkono wangu juu ya Injili. Alama hiyo sitaitaja hata leo, ingawa walioniapisha wamekwisha tangulia na mafaili yameliwa na mchwa.

Lakini watu walijua kwamba alama ipo, wakaitafuta. Waliokuja kutazama wagonjwa waligeuzageuza majalada kama watu wanaochagua maharage. Baada ya Misa walinisimamisha njiani.

"Karani, waitu, mtu wetu, jirani yule ana nini?"

"Ana faili," nilijibu.

Walicheka, ila macho yao hayakucheka. Nami sikuwa jasiri kuliko wao. Kila asubuhi nilipovaa suruali nilitazama ni tundu gani la mkanda limefika kwenye pini. Likifika lilelile la jana, nilifanya ishara ya msalaba.

*

Mdogo wangu ndiye aliyebaki kwangu baada ya vita. Mizinga ilipoanza kunguruma upande wa pili wa mto, mimi nilikuwa kijana na yeye alikuwa mtoto wa kama miaka kumi na miwili. Nilimshika mkono tukatembea kwenda kusini pamoja na watu wengine, siku mbili, hadi kwa baba mdogo kule Ijumbi. Hakulia njia nzima. Kila nilipomuuliza kama miguu inauma alinijibu, "Ya kwako je?" Baba yetu alifariki mwaka uliofuata, nikawa mimi wa kusemea nyumba.

Alikua msichana wa sauti ya chini na mikono ya kazi, akafundisha watoto katekisimu parokiani. Akachumbiwa na kijana wa Izimbya, mtoto wa pili katika nyumba ya Wakatoliki wenye kibanja kizuri cha migomba na kahawa. Mama wa kijana yule alikuja mara mbili nyumbani kwetu, akamtazama mdogo wangu akipika, akaridhika.

Kisha akaanguka. Alikuwa juu ya gari dogo lililobeba mikungu ya ndizi, likateleza kwenye mteremko wakati wa mvua, na paja lake la kulia likavunjika. Hospitalini kwetu alilazwa majuma kumi, mguu umenyooshwa kwa kamba, mawe yakining'inia mwisho wa kitanda. Mfupa uliunga vizuri. Ila kamba zilipofunguliwa, goti lilikuwa limekauka. Lilikunjika kidogo tu, kama mlango uliovimba kwa mvua, likakomea hapo.

Mtu wa mahali pengine anaweza kusema, goti ni goti, mradi anatembea. Kwetu mwanamke humsalimu mkubwa wake kwa kupiga magoti. Humpigia magoti baba, mama mkwe, mgeni wa heshima. Mdogo wangu alisalimia akiwa wima, ameinamisha kichwa tu, na kila aliyesalimiwa aliutazama mguu badala ya uso. Kanisani aliketi mwisho wa benchi, mguu umetokeza njiani, wakati wote wengine wamepiga magoti. Aliniambia, "Kaka, nikimwabudu Mungu nimekaa kama mtu anayesubiri basi, naona aibu." Harusi ilikuwa imepangwa baada ya mavuno ya kahawa, na siku ile angetakiwa kupiga magoti mbele ya nyumba nzima ya watu.

Ndipo daktari aliposema atajaribu kulikunja, akamlaza tena.

*

Karatasi ya kwenda chumba cha upasuaji ilinifikia siku ya Jumatatu pamoja na nyingine nne. Mtoto mwenye ngiri, mzee mwenye jipu, na wengine ambao maneno yao niliyajua. Ya mwisho ilikuwa na jina la mdogo wangu, na mahali pa kuandika atakachofanyiwa, daktari ameweka herufi tatu tu. MUA.

Sikuwahi kuziona. Nilifungua kitabu cha namba, hazikuwamo. Nilijaribu Kilatini cha seminari, na kwa kuwa nilikuwa nimekwisha ogopa, neno la kwanza lililonijia lenye M lilikuwa lile la kifo. Nikajaribu Kiswahili, nikapata mua, ule wa kutafuna. Mua ni mrefu na mwembamba, na mdogo wangu alikuwa amekonda. Majuma kumi kitandani, nani asingekonda? Lakini sikuwaza majuma kumi, wala goti lililokuwa likingoja kukunjwa. Niliwaza kwamba watu wamekaribia kuitambua alama yetu, daktari na Sista wamebadilisha, na mimi hawakuniambia kwa sababu mgonjwa wa kwanza wa alama mpya ni wa damu yangu.

Nilipaswa kusimama, nitembee hatua arobaini, niulize. Sikusimama. Niliogopa jibu. Nikafanya nilichojua kufanya, nikanakili. Juu ya jalada la kaki, chini ya jina lake, kwa wino mwekundu kama ilivyokuwa desturi kwa wanaokwenda kupasuliwa, nikaziandika zile herufi kubwa kubwa, zimesimama wima, nzuri sana. Nikapeleka faili wodini, nikalining'iniza mguuni pake. Alikuwa amelala usingizi wa mchana. Nilitazama mifupa ya shingo yake nikaondoka.

Mchana kutwa sikula. Alasiri Sista alinikuta nimesimama kwenye kabati huku droo wazi, sitafuti chochote.

"Karani, unaumwa?"

"Sista, MUA ni nini?"

Alinitazama, akaelewa nilichokuwa nikiuliza kabla sijakieleza. Akavuta kiti akakaa, yeye ambaye hakukaa kamwe. Akaniambia kwamba ni herufi za mwanzo za maneno matatu ya Kiingereza, na maana yake ni kukikunja kiungo kwa mikono wakati mgonjwa amelala kwa dawa. Basi. Misuli ikilala haibishani na daktari. Hakuna kisu wala mshono.

"Na wewe ulidhani nini?"

"Mua, Sista."

"Wa kutafuna?" Akacheka mpaka shela ikamteleza. "Mungu akusamehe, msomi wetu wa Kilatini!"

Nilicheka na machozi yakinitoka. Nilikwenda kikanisani, nikashukuru kwa magoti yangu mawili mazima. Nikarudi nyumbani kwangu Rwamishenye nikala sahani mbili. Kitu kimoja sikukifanya. Sikurudi wodini kubadilisha jalada. Sikuona sababu, maana neno lilikuwa sahihi.

*

Kesho yake, Jumanne asubuhi, kabla ya zamu yangu, mama mkwe mtarajiwa alifika kutoka Izimbya na ndizi alizozifunga katika majani, bado za moto. Nilielezwa baadaye na mwanamke wa kitanda cha jirani, ambaye aliona yote.

Mama yule alikuwa amejifunza kusoma ukubwani, katika madarasa ya kisomo cha watu wazima, na cheti chake kilitundikwa sebuleni kando ya picha ya Moyo Mtakatifu. Alisoma kila kitu, magunia ya kahawa, mbao za maduka, mbavu za magari ya mizigo. Mwandiko wa kushikana ulimshinda, lakini herufi kubwa zilizosimama hakuziacha. Alimsalimu mdogo wangu, akaweka kapu chini, na macho yakaenda kwenye faili.

"M na U, mu," alisoma, kidole chini ya wino. "A. Mu-a."

Akarudia. Kisha akakiondoa kidole kwenye jalada kama aliyegusa chungu cha moto, akakifuta kwenye kanga.

"Mama, mbona umesimama?" mdogo wangu alimwuliza.

"Nimekumbuka kitu nyumbani."

Hakuliacha hata kapu. Aliondoka nalo, ndizi zikiwa bado zinatoa mvuke. Hakuwa amefika getini, na wodi nzima ilikuwa imekwisha lisoma jalada. Mwaka mzima walikuwa wakiitafuta alama, na sasa ilikuwa mbele yao kwa wino mwekundu, kwa mwandiko mzuri wa kaka wa mgonjwa mwenyewe.

Mimi sikujua lolote. Saa nne niliitwa chumba cha upasuaji kwa sababu mwuguzi wa kuandika alikuwa msibani. Nilisimama mlangoni na daftari kubwa.

"Mlango unatosha," daktari alisema. "Usiingie, andika tu."

"Daktari, niandike kwenye daftari la upasuaji? Hakuna kisu."

"Amelala kwa dawa. Mtu akilala kwa dawa mikononi mwangu, nitaulizwa. Andika. Goti la kulia. La kulia, umeandika? Paja limeunga, picha imeonekana. Kabla ya kukunja, pembe ya nyuzi ishirini na tano."

Alikuwa ameniambia wiki iliyopita kwamba hatari ni moja. Akikosea nguvu, paja lililounga juzi litavunjika tena, na safari hii huenda lisiunge. Kwa hiyo nilipomwona akiushika mguu wa mdogo wangu kwa mikono miwili, kifua chake kikiegemea ugoko, nilianza Salamu Maria nikashindwa kufika katikati. Aliusukuma taratibu. Halafu ikasikika sauti. Wanaolima migomba wanaijua, ni sauti ya majani makavu yakichanwa kwenye shina, marefu, yasiyoisha. Nilidhani ni mfupa. Kalamu ilianguka.

"Okota," daktari alisema bila kugeuka. "Ni utando unaachia. Hicho ndicho tunachokitaka."

Ikachanika tena, na tena. Kisigino kikawa kinakaribia chini ya paja, jambo ambalo sikuwa nimeliona kwa miezi mitatu.

"Baada ya kukunja, nyuzi mia moja. Mfupa mzima. Andika yote kwa maneno, si kwa tarakimu peke yake. Na andika hili kwa herufi kubwa, alikunje kila saa kuanzia leo. Siku nne tano akilinyamazia, litakauka tena, na mimi silirudii."

Niliandika. Mstari ule ndio mwandiko wangu mbaya kuliko wote katika daftari zima.

*

Hakulikunja.

Alipoamka wodi ilikuwa imekwisha mwambia, kwa namna ile watu wanavyoambia bila kusema. Jirani alikuwa amevuta kitanda chake, kukawa na pengo la hatua moja. Kikombe cha mdogo wangu kilikuwa kimewekwa peke yake dirishani. Nilipofika jioni alikuwa amelala ubavu, mguu umenyooka.

"Kaka, nina mua?"

Nilimweleza kila kitu, jinsi nilivyonakili bila kuuliza, jinsi nilivyoogopa mwenyewe. Alisikiliza.

"Nakuamini," alisema. "Ila wao hawajasikia kwako, wamesoma. Yule mama ameondoka na chakula chake. Nilikunje kwa ajili ya nani?"

"Kwa ajili ya Mungu, basi."

"Mungu amenizoea nimekaa."

Jumatano alikataa tena. Mwuguzi alijaribu kulikunja, mdogo wangu akalia kwa uchungu, na goti lililofika nyuzi mia lilikomea sitini. Nilipima mwenyewe kwa kipimo cha mbao cha kupimia pembe ya kiungo. Sitini. Niliandika. Nikaona siku zikihesabika, na kwamba mwisho wake utakuwa benchi la nyuma kanisani, mguu njiani, maisha yote, kwa sababu ya wino wangu.

Alhamisi niliomba ruhusa, nikapanda baiskeli kwenda Izimbya.

Mama nilimkuta anaanika kahawa uani. Alinipokea kwa adabu zote, akanipa kiti na kikapu kidogo cha buni za kutafuna, kama mgeni anavyostahili. Kisha alikaa mbali nami kuliko kawaida.

"Mama, nimekuja kwa ajili ya lile neno."

"Nimelisoma kwa macho yangu, mwanangu. Na cheti kile pale ukutani sikupewa kwa huruma. Mu-a. Na mua ukoje? Mrefu, mwembamba, na ukishanyonywa unatupwa."

"Si neno, mama. Ni herufi tatu za Kiingereza."

"Herufi zikikaa pamoja ni neno. Mwalimu wetu ndivyo alivyosema."

"Maana yake ni kukunja goti mgonjwa akiwa amelala kwa dawa."

"Herufi tatu zibebe maneno yote hayo? Bojo, tafadhali, mwanangu, unanionea kwa kuwa nimesoma jioni." Akageuza kahawa kwa kiganja, akageuza tena. "Goti tungelivumilia. Ningemwambia anisalimu amesimama, na watu waseme wanalotaka. Ila wewe unajua ninachouliza. Alama mnayo, watu wote wanajua mnayo. Kama siyo mua, ni ipi? Niambie ilivyo, nami nitakwenda kulitazama faili la binti upya. Nisipoiona, harusi ipo."

Ilikuwa rahisi kiasi hicho. Neno moja, na mdogo wangu angepiga magoti. Nilikuwa nimekwisha fungua mdomo. Ndani ya nyumba mtu akakohoa.

"Ni mwanangu, mkubwa wao," mama alisema. "Amerudi kutoka visiwani kwenye biashara ya samaki, ana malaria isiyoisha. Alilazwa kwenu mwezi uliopita, si unakumbuka? Nilikaa naye siku nane, faili lake nalijua kama kitabu cha sala."

Nilikumbuka. Alama kwenye faili lile niliiweka mimi.

Nilitafuna buni mpaka ikawa unga. Nikiitaja alama, yeye asomaye kila kitu angeikumbuka papo hapo, hapa uani, na mwanawe akimsikia kupitia dirishani. Nikinyamaza, atasema nanyamaza kwa sababu ya mdogo wangu. Sikuona njia ya tatu. Nilisali bila maneno, maana hata maneno ya sala niliogopa yangenitoka kwa sauti.

"Mama," nilisema hatimaye, "alama siitaji, hata kwa ajili ya ndugu yangu. Niliapa. Nakuomba kitu kimoja tu. Njoo usome tena. Safari hii nitaandika maneno yote, yasibaki herufi za kubeba mengine."

Alinisindikiza hadi barabarani kama desturi, akarudi.

*

Usiku ule niliomba ruhusa ya Sista, na Ijumaa asubuhi nikabandika karatasi mpya juu ya wino mwekundu. Nikaandika kwa Kiswahili, herufi kubwa, zimesimama, jambo ambalo halikuwahi kufanyika katika hospitali ile. Ijumaa ikapita. Goti lilikuwa nyuzi hamsini.

Jumamosi saa tano alikuja. Nilimwona kupitia dirisha la chumba changu, kapu kichwani, nikakimbia veranda nzima, mimi karani mwenye heshima zangu. Alipita vitanda vyote bila kusalimu, akasimama mguuni pa mdogo wangu, akaweka kidole.

"Go-ti. La ku-li-a. Li-me-go-ma." Akasita. "Limegoma?"

"Limegoma, mama," alidakia mwanamke wa kitanda cha jirani. "Kama wafanyakazi wa mashambani!"

Mtu akacheka, mwingine akafuata. Mama hakucheka. Aliendelea, na wanawake wakamsaidia pale ulimi uliponasa. "Da-kta-ri a-me-li-ku-nja. Mgo-njwa a-ki-wa a-me-la-la kwa da-wa." Alirudia mstari mzima, safari hii bila kukata. Kisha akaninyooshea kidole. "Na zile tatu ndizo zilizobeba haya yote?"

"Ndizo, mama."

"Waingereza wavivu."

Wodi ilipasuka kwa kicheko. Hata mdogo wangu, nilimwona, midomo ilimcheza. Lakini mama alikuwa bado ameshika jalada, na uso wake ulianza kubadilika. Alikuwa akikumbuka. Kidole chake kilitembea juu ya karatasi ya kaki, taratibu, kutoka pembe moja hadi nyingine, kikitafuta mahali fulani, na mahali hapo hakukuwa na kitu.

"Karani," alisema kwa sauti ya chini. "Kwenye faili la mkubwa wao, kulikuwa na..."

Akanitazama. Sijui uso wangu ulisema nini. Nilijitahidi usiseme, nilitazama sakafu, nikahesabu vigae. Naamini hakuna wakati nilioogopa zaidi, hata mizinga haikunitisha hivyo.

Hakuimaliza sentensi ile. Alirudisha faili mahali pake, akalinyoosha likae sawa. Kisha aliketi kitandani, akafunua shuka, akaweka mkono mmoja chini ya goti la mdogo wangu na mwingine kwenye ugoko.

"Uma shuka, binti yangu," alisema. "Utalia, nami nitalia. Tukunje."

Walilia wote wawili. Mama alikaa siku sita, akalala sakafuni kando ya kitanda, na kila saa alikunja. Nilikuwa nikija na kipimo changu cha mbao, naandika. Sabini. Themanini na tano. Siku ya sita, mia na tano. Machozi mengine ya mama hayakuwa ya goti, mimi nilijua, naye alijua kwamba najua, na hatukuzungumza.

*

Baada ya kahawa kuvunwa, mdogo wangu alipiga magoti Izimbya mbele ya watu wote. Alishuka polepole, akiuma meno, na mama mkwe alimshika kiwiko kama kwa bahati. Kipimo sikwenda nacho. Kwa macho, ilikuwa mia na ishirini.

Mwana mkubwa alikuwepo harusini, amefunikwa blanketi kwenye jua. Tulimzika miezi michache baadaye, kwenye kibanja chao, asubuhi yenye ukungu. Kabla ya maziko mama alinifuata nyuma ya nyumba, ameshika msalaba wa mbao na kikopo cha rangi nyeusi.

"Mwandiko wako ni mzuri," alisema. "Niandikie. Herufi kubwa, nizisome."

Niliandika jina lake la ubatizo na la ukoo, na miaka yake miwili, wa kuja na wa kwenda. Alisubiri rangi ikauke, akaweka kidole, akasoma silabi kwa silabi hadi mwisho. Akageuza msalaba, akatazama nyuma yake, kisha pembe zake, moja baada ya nyingine.

"Hakuna kingine?"

"Hakuna kingine, mama."

Akauchukua, akaubeba mwenyewe hadi kaburini. Mdogo wangu alikuwa pale tayari, amepiga magoti kwenye udongo mbichi, anamngoja.